Kwenu Hasa Ni Wapi?

Hivi umeshajiuliza kwa nini Watanzania wawili wakikutana ugenini, hata kabla chai haijapoa, lazima mmoja aulize, "Kwenu wapi?" Mimi hujibu haraka: Korogwe. Mwenzangu anatikisa kichwa kwa adabu, halafu anarudi tena. "Sawa, Korogwe. Lakini kwenu hasa?"

Hilo neno "hasa" ndilo limenikalisha chini leo niandike.

Ngoja nijieleze. Nimezaliwa Korogwe, hospitali ya Magunga. Babu mzaa baba alikuwa Muha, aliletwa kutoka upande wa Kasulu miaka ya 1950 kuja kukata mkonge. Bibi ni Mzigua wa Sindeni, wilaya ya Handeni. Kwa hesabu ya ukoo wa baba, mimi ni Muha. Lakini Kiha sikijui hata salamu yake, na Kasulu sijawahi kukanyaga. Kizigua nasikia nusu nusu, cha jikoni kwa bibi. Lugha niliyoamka nayo na ninayoota nayo ni Kiswahili. Sasa niambie wewe, hasa yangu iko wapi?

Usidhani nalia. Korogwe watu wa aina yangu tumejaa. Panda daladala yoyote pale Manundu, uliza abiria babu zao walitoka wapi. Utapata Mbena, Mngoni, Mnyamwezi, Mrundi, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, na hutokosa Msambaa aliyeteremka tu kutoka milimani. Wote wana stori moja: mkonge.

Na mkonge wenyewe ni mgeni! Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ilipofika pwani ya Tanga miche 62 tu ndiyo ilikuwa hai. Kutoka kwa hiyo 62 yakatoka mashamba yote yale unayoyaona ukipita na basi kutoka Segera kwenda Mombo, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Mwaka huo huo wa 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1902 garimoshi likafika Korogwe. Reli na mkonge vikashikana mikono. Kilichokosekana kikawa watu wa kufanya kazi.

Hapa nataka tutazame kidogo nje. Mwaka 1901 Australia iliungana kuwa shirikisho, nchi changa ndani ya himaya ya Mwingereza. Nchi ile ilihitaji kujibu swali la "sisi ni nani", na jibu likatafutwa kwenye mapori ya bara: mzungu mfuga kondoo, jasiri, anayefungua nchi mpya. Huyo ndiye akawa sura ya taifa. Wenyeji waliokutwa pale hawakuingizwa hata kwenye hesabu rasmi ya watu kwa mujibu wa katiba, mpaka kura ya maoni ya 1967 ilipofuta kipengele hicho. Marekani nayo ina ngano yake kama hiyo, ile ya mhamiaji na gari lake la farasi akielekea magharibi.

Wajerumani wa Usambara nao waliota ndoto ya namna hiyo. Walikuwa na mashamba, reli, na hata gazeti lao, Usambara-Post. Walijiona ndio wanaofungua nchi. Lakini ndoto haikufika mbali. Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha walinyang'anywa, na mashamba yao yakauzwa kama mali ya adui kwa Waingereza, Wagiriki na Wahindi. Kuanzia 1922 Tanganyika ikawa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, Mwingereza akiwa msimamizi. Kwa hiyo haikuwa rahisi kuigeuza nchi ya walowezi kama ilivyotokea kwa jirani zetu Kenya. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi makubwa ya mkonge yakataifishwa.

Ukiangalia vizuri, nani aliyebaki? Alibaki manamba.

Manamba ndilo jina walilopewa vibarua wa mkataba, kwa sababu kila mmoja alihesabiwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, ikawa inakusanya vijana kutoka mikoa ya mbali ambako serikali ya kikoloni haikujenga uchumi wowote isipokuwa kodi. Babu alikuwa anasimulia kwamba alisafiri kwa treni, kisha kwa lori, na aliposhuka hakujua hata ameshukia upande gani wa jua. Akapewa blanketi, kipande cha kazi, na kitanda kwenye kambi. Chumba kimoja, wanaume wanne, lugha nne.

Lugha nne chumba kimoja, utafanyaje? Mtaongea Kiswahili, kibovu kwanza, kizuri baadaye. Nyapara anagomba kwa Kiswahili, posho inagawiwa kwa Kiswahili, na mapenzi pia, jamani, babu alimtongozea bibi kwa Kiswahili maana Kizigua alikuwa hajui. Utani wa makabila, ule ambao watu wa pwani na Wanyamwezi walikuwa nao tangu enzi za misafara, ukasambaa kambini. Mtu usiyemjua kabisa anaweza kukutukana asubuhi, na ukifiwa jioni yeye ndiye anayekuja kuchimba kaburi.

Kambini hawakujifunza kuongea pamoja tu, walijifunza pia kukataa pamoja. Miaka ya mwisho ya 1950 vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeingia mashambani, na mgomo wa shamba la Mazinde ukawa habari ya nchi nzima. Fikiria: Muha na Mbena na Mmakonde wanakataa kwa siku moja kwenda kukata mkonge. Hakuna chifu aliyewaita, na hawakuwa na chifu wa pamoja. Walichokuwa nacho ni mshahara mdogo wa pamoja na lugha ya pamoja. Tukiwa shuleni tulifundishwa kwamba taifa letu lilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 TANU ilipoundwa. Sikatai. Lakini mimba ya taifa hilo, kwa maoni yangu, ilitungwa pia kwenye kambi za Ngombezi, Magoma, Hale na Mazinde.

Basi hiyo ndiyo hoja yangu ya leo. Kwingine kwenye himaya ile ile, aliyepewa heshima ya kuwa sura ya nchi mpya ni mlowezi mwenye shamba. Kwetu, nchi ilijengwa sura na kibarua wa mlowezi. Tuna sababu ya kujivunia. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Bunge lilipojadili sheria ya uraia, wapo waliotaka uraia uende kwa rangi ya ngozi. Nyerere alisimama kidete akakataa, akawa tayari hata kuachia madaraka. Tukaanza nchi kwa kusema kwamba mtu ni raia kwa kuwa yuko pamoja nasi. Damu haikuwa kipimo.

Lakini (kuna lakini kila mahali) yule kibarua alipewa taifa, ardhi hakupewa.

Hili nalijua kwa sababu liko nyumbani. Babu alifariki akiwa bado anaishi nyumba ya kambi. Mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Kisha ikaja nailoni, bei ikaanguka, usimamizi nao ukalegea, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 40,000. Korona zikanyamaza. Shamba la kwetu, ambalo sitalitaja jina, likawa msitu wa mkonge mzee uliochanua milingoti na kufa wima. Wajukuu wa manamba wakafyeka kidogo, wakapanda mahindi na muhogo. Maisha yakaendelea. Ila kila shamba linapobadilisha mikono, karatasi inabandikwa kwenye mwembe: wavamizi wote waondoke.

Wavamizi! Bibi yangu, ambaye ana zaidi ya miaka themanini, alizaa watoto saba katika nyumba ile, na watatu amewazika pale pale. Nilimwuliza mara moja, "Bibi, hivi tukiambiwa tuondoke, kwetu ni wapi?" Akanitazama kama nimeuliza bei ya hewa.

"Mume wangu," ndivyo anavyoniita, "kwenu ni mlikozika."

Sheria haiandikwi hivyo, najua. Kijiji kina mpaka uliosajiliwa, kampuni ina hati, na kaburi halina namba ya kiwanja. Vipo vijiji vilivyofanikiwa kumegewa sehemu ya mashamba ya zamani, na vipo vinavyosubiri. Sisi tunasubiri.

Sasa panda gari, twende Handeni. Kutoka Korogwe ni kilomita 65 za lami, unavuka upepo wa mlimani unaingia joto la vichaka. Ukifika Chanika, mji wenyewe wa Handeni, utasikia neno moja likirudiwa na maofisa na wafanyabiashara wa mahindi: pori. Handeni ni pori, eneo lipo, watu wachache.

Neno hilo lina historia. Uzigua haukuwa pori hivi hivi. Watu walilima, walifuga, walichoma moto vichaka kwa majira yake, na kwa njia hiyo walimzuia mbung'o asiwasogelee. Miaka ya 1890 ikaleta sotoka iliyomaliza ng'ombe, ukame, nzige, na njaa juu ya njaa, huku Mjerumani akidai kodi na vibarua. Watu wakatawanyika. Kichaka kikarudi, na mbung'o akarudi nacho. Mkoloni alipotazama akaona nchi tupu, asijue kwamba anatazama nchi iliyotupika. Kuna tofauti kubwa hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Handeni ikawa miongoni mwa wilaya za kwanza ambako serikali yetu wenyewe ilihamisha watu kwa wingi kuwaweka kwenye vijiji vipya. Kila aliyekuja na ramani aliona nafasi.

Nafasi hiyo hiyo imewapokea watu wawili ambao nadhani kila Mtanzania anayependa neno "uzalendo" angepaswa kuwajua.

Wa kwanza wako Chogo. Miaka ya 1830, wakati wa njaa kubwa, Wazigua wengi walijikuta kwenye majahazi. Masimulizi yao yanasema waliahidiwa kazi na chakula. Waliposhuka pwani ya Somalia walikuwa watumwa. Baadhi yao walitoroka, wakiongozwa, kwa mujibu wa masimulizi hayo hayo, na mwanamke mwenye maono aitwaye Wanakhucha, wakajificha kwenye misitu ya mto Juba. Mahali pale pakaitwa Gosha. Walifungua mashamba, wakajilinda, wakapitia ukoloni wa Mwitaliano na mashamba yake ya shokoa. Mwaka 1960 Somalia ikawa huru nao wakawa Wasomali kwa karatasi, lakini mtaani waliitwa kwa majina ya kuwakumbusha utumwa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 walikuwa wa kwanza kuporwa, kwa sababu hawakuwa na ukoo mkubwa wa kuwatetea.

Wengi wakakimbilia Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kupokea maelfu yao, na leo wajukuu wa Wazigua wako mpaka Lewiston, jimbo la Maine, kwenye theluji. Lakini kundi moja lilikuja Tanga. Walishuka wakiongea Kizigua. Baada ya zaidi ya miaka 150! Wazee wa Handeni wakawaelewa. Serikali ikawapa makazi, kwanza Mkuyu, halafu mwaka 2003 Chogo, pamoja na mashamba na njia ya kuomba uraia.

Bibi anasema mara ya kwanza kuwasikia sokoni alidhani ni ndugu wa kijiji cha pili waliokaa mjini muda mrefu. "Maneno yao ya kizee," aliniambia, "kama ya bibi yangu mimi." Mtu ambaye maneno yake ni ya bibi yako, serikali ilibidi imwandike mkimbizi kwanza, kisha raia wa tajinisi. Siilaumu, nchi nyingi zisingefanya hata hilo. Nasema tu kwamba hapo karatasi na maneno ya bibi havikulingana, na karatasi ikapewa muda kuyafikia maneno. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Wa pili wako Msomera. Hawa hawahitaji tajinisi, ni raia tangu kuzaliwa. Mwaka 1959 wakoloni waliwatoa Wamasai Serengeti ili pabaki pa wanyama, wakawaahidi kwamba Ngorongoro wataendelea kuishi. Juni 2022 serikali huru ikaanza kuhamisha familia za kwanza kutoka Ngorongoro hadi Msomera, wilaya ya Handeni: nyumba ya vyumba vitatu na shamba. Serikali inasema ni hiari na ni kwa ajili ya kulinda hifadhi. Waliobaki Ngorongoro wanasema huduma zilipunguzwa ili wachoke waondoke. Agosti 2024 maelfu waliandamana barabarani kule hifadhini. Desemba mwaka huo Rais alikutana na viongozi wao Arusha, na mwaka 2025 akaunda tume mbili.

Lakini sauti ambayo wengi hatukuisikia ni ya waliokuwa Msomera kabla. Walikuwepo watu pale, wakulima na wafugaji, wakiwemo Wamasai wengine. Baadhi yao walilalamika kwamba maeneo yao yalipimwa na kugawiwa wageni. Kwa hiyo aliyehamishwa analia, na aliyehamiwa analia. Neno lililowaliza wote wawili ni lile lile: pori. Mtu alitazama ramani akaona nafasi.

Sisemi watu wasihame. Ningesemaje, mimi mjukuu wa manamba? Nchi yetu hii ya Tanga ina hadithi kubwa ya mgeni: Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, aliyefukuzwa na ndugu zake kwa sababu aliota meno ya juu kwanza. Akapanda Usambara, akaua nguruwe waliokuwa wanaharibu mashamba, akagawa nyama, mpaka watu wa Vuga wakamfanya mfalme. Utaikuta katika kitabu cha Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi. Lakini angalia mpangilio wa mambo. Mbegha alifika kwanza kwa watu, akala nao, ndipo wao wenyewe wakamwita. Hakuna aliyewaandikia watu wa Vuga barua kwamba kuanzia Juni mtapokea mfalme.

Manamba waliletwa kwa hila na kodi, lakini urafiki waliutengeneza wenyewe. Watu wa Chogo waliletwa na vita, lakini wenyeji waliwatambua kwa sauti. Katika yote mawili, utaifa ulifanya kazi pale watu walipopewa nafasi ya kukutana na kukubaliana. Pale serikali, iwe ya gavana au yetu, ilipokata ardhi bila kumwuliza aliye juu yake, utaifa ulibaki wimbo wa shuleni.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili madogo. La kwanza ni kwa wakubwa: kabla ya kuandika "eneo wazi" kwenye ramani ya Handeni au "wavamizi" kwenye mwembe wa Korogwe, fanyeni mkutano wa kijiji kwanza, mhesabu na makaburi. Mtu aliyemzika mama yake mahali ana haki ya kusikilizwa kuhusu mahali hapo, hata kama hati iko kwa mwingine. Nchi iliyokataa uraia wa rangi mwaka 1961 haiwezi kushindwa kutafuta ekari chache kwa watu walioijenga kwa panga la mkonge.

La pili ni letu sisi vijana. Fomu niliyojaza karibuni katika ofisi moja ilitaka kijiji alikozaliwa babu. Niliandika kile alichokuwa anakitaja babu, ingawa sikijui. Karani, kijana wa rika langu, akaniuliza kama nimeshafika. Nikasema bado. Akacheka, akasema na yeye kwao ni Songea, hajafika, amezaliwa Hale. Tukaangaliana, tukacheka wote. Akagonga muhuri.

Sasa ukinikuta mahali ukaniuliza kwetu, nitasema Korogwe. Ukiniuliza tena kwetu hasa, nitakuuliza na wewe: babu yako alimkuta nani hapo, na alimwombaje akae?